Kuchagua Ubao Mama wa Kompyuta ya Kunasia Sauti

Ninyi mlio katika vikundi, kuanzia Kilosa mjini hata Mikumi penye barabara kuu, wekeni kalamu na karatasi karibu, maana leo kuna tarakimu za kuandika.

Yafaa nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Vijana fulani wa Mikumi walimwalika bibi mmoja kutoka milima ya Vidunda aje aimbe nyimbo za kutwangia. Kompyuta yao ilikuwa na prosesa kali na kadi ya picha ya bei kubwa, lakini ubao mama waliuchagua ule wa bei ya chini kuliko yote. Bibi akaimba saa nzima, akala, akarudi kwake. Jioni walipofungua kazi, wakakuta sauti inakatika tak, tak, kama mahindi yanayopasuka chunguni. Masika yale bibi aliugua, wala hakuimba tena. Nyimbo zile zimebaki vipande.

Je, kosa lilikuwa wapi? Ubao ule ulikuwa na matundu machache ya USB. Kwa hiyo walichomeka kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea waya wa maikrofoni, pamoja na diski ya nje na modemu, vyote katika kigawanyio kimoja.

Ubao mama ni ule ubao mpana ambao prosesa, kumbukumbu na diski hushikizwa juu yake. Juu yake pia mna seti ya chipu. Ninyi wa Kilosa mnaijua stesheni. Treni zote hazipiti kwa wakati mmoja. Bwana stesheni huruhusu hii, huzuia ile. Ndiyo kazi ya seti ya chipu: hupitisha habari za diski, za mtandao na za matundu mengi ya USB kwenda kwa prosesa.

Sasa andikeni. Katika kunasa sauti, kompyuta huipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 3. Maikrofoni 8 kwa pamoja hutoa baiti 1,152,000 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 4 kwa saa. Huo ni mzigo mdogo. Hata USB 2.0 ya tangu mwaka 2000 yaweza kuubeba. Basi shida si uzito wa mzigo, bali ni saa ya kufika. Vipimo husafirishwa kwa mafungu. Fungu la vipimo 256 hudumu kama sehemu 5 tu za elfu moja za sekunde. Kompyuta ikichelewa kulipokea, pengo hutokea, nasi twasikia tak. Kwa sababu hiyo ubao wa kunasia sauti hauhitaji mbio nyingi, wahitaji utulivu.

Tuangalie basi mambo manne ya kuchagua.

La kwanza ni seti ya chipu yenyewe. Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 12 hata cha 14, seti ya B660 au B760 yatosha. Zile zenye herufi Z hulipiwa zaidi ili mtu aweze kuikimbiza prosesa kupita kiwango chake, jambo ambalo mnasa sauti halihitaji. H610 hufanya kazi, lakini nafasi zake za kumbukumbu hazizidi mbili na njia zake ni chache. Kwa AMD ya soketi AM4, B550 ni nzuri. Mbao nyingi za X570 zina feni ndogo juu ya chipu, na maikrofoni husikia kila feni iliyo chumbani.

La pili ni matundu ya USB. Hesabu yale ya nyuma, yaliyounganishwa na ubao wenyewe. Kadi ya sauti ipewe tundu lake peke yake, bila kigawanyio.

La tatu ni nafasi ya kuongeza. Tafuta ubao unaopokea kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi, na wenye nafasi ya diski ya SSD.

La nne lawahusu wanunuzi wa mitumba. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka, isipokuwa chache, prosesa ya kizazi cha 8 au baadaye. Muulize muuzaji kizazi kabla ya bei. Fungua sanduku utazame kapasita. Zikiwa zimevimba vichwa, uache ubao huo. Tazama pia plagi ya umeme, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisi zina plagi ya namna yake, na pawasapulai ya kawaida haiingii.

Ukiisha kupata kompyuta, usiiamini kabla ya kuipima. Zima Wi-Fi, kisha washa programu ya LatencyMon, isiyo na malipo, uiache nusu saa. Itakuambia kama kompyuta huchelewa, na ni kifaa gani kinachoichelewesha. Baadaye nasa saa nzima ya mazungumzo ya nyumbani, uisikilize yote. Na mwimbaji asipojisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, weka fungu la vipimo 1,024. Kompyuta itapata nafasi ya kupumua.

Ndugu zangu, kompyuta huweza kununuliwa mara ya pili. Mzee aliyeshuka mlimani kuja kuimba hashuki mara mbili kila wakati. Anayewaalika wazee hana budi kuwa amekwisha kuipima kompyuta yake jana yake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini sauti hukatika ijapokuwa mzigo wake ni mdogo?
2. Vijana wale wangepunguza fedha wapi ili wapate ubao bora?
3. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye nyimbo zake hazijanaswa bado?

Kwaherini, hata somo lijalo.