Samani za Mbao Kandoni mwa Bahari: Biashara Inayopimwa kwa Miaka

Miongoni mwa mali zote za hoteli za mwambao wetu, tokea Diani hata Nungwi na Paje, hapana ipatayo taabu kuliko vitanda vya kujianikia jua vilivyopangwa kandokando ya bwawa la kuogelea. Maana alfajiri hulowa umande wa chumvi, adhuhuri hupigwa na jua kali, alasiri humwagikiwa maji yenye klorini, na masika yakiingia mbao hutanuka, kisha hunywea tena ukame urudipo. Kwa hiyo seremala anayeijua njia ya maji ndiye atakayefaidi tijara hii.

Wanunuzi aghalabu huanza kwa kuuliza jina la mti, na swali hilo lina haki yake. Msaji husifiwa kuliko yote kwa sababu kiini chake kina mafuta ya asili yanayozuia maji na wadudu, ijapokuwa silika iliyomo hufanya msumeno uwe butu upesi. Mvule nao ni wa kutegemewa, kadhalika mbambakofi, uliochongewa milango mingi ya Lamu. Ila tangu mkutano wa mataifa uliofanyika Panama mwaka 2022 kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mbambakofi na mninga imo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka yahitaji kibali. Na msaji wenyewe si mmoja: uliovunwa mchanga huwa na mti mweupe mwingi pembeni, na sehemu hiyo, madhali haina mafuta ya kiini, huoza mapema.

Hata hivyo, mti bora ulioungwa vibaya hauna umri. Mtazame fundi hodari akiushika mguu wa kitanda: huupindua, akaupaka epoksi kwenye uso wa chini uliokatwa, ambapo nyuzi zimefunguka kama mirija ya kufyonza maji ya sakafuni, kisha akautia kisigino cha plastiki. Mbao za kulalia huachiana milimita 6 hadi 8, na kingo zake hupigwa randa zikaviringika, ili maji yasituame. Uzito hubebwa na maungo ya ulimi na tundu. Na skrubu huwa za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, chenye molibdeni ya kuikabili chumvi, kwa kuwa daraja la 304 hutoa madoa ya kahawia karibu na bahari, ilhali msumari wa kawaida, ukikutana na tanini ya mbao mbichi, huacha doa jeusi na kuidhoofisha mbao iliyouzunguka. Vanishi nzito haifai, kwani jua huipasua na maji yakanaswa chini yake. Afadhali msaji uachwe ugeuke rangi ya kijivu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme kitanda cha shilingi 300,000 za Tanzania hudumu miaka 2, na kingine cha shilingi 900,000 hudumu miaka 12: cha kwanza kinakula shilingi 150,000 kila mwaka, cha pili 75,000 tu, na mwenye hoteli aliyedhani ameokoa fedha amelipa maradufu. Hesabu hii ndiyo ingeweza kuwainua mafundi wetu, maana msaji wa Longuza, wilayani Muheza, na wa Mtibwa, mkoani Morogoro, umo karibu nao, na huku magogo mengi ya msaji wa Tanzania yakisafirishwa kwenda India, samani za msaji wa Java zinauzwa duniani kote zikiwa zimekamilika.

Basi hoteli na ziagize mapema, ili mbao ipate kukaushwa hata unyevu usizidi asilimia 15. Ziandikiane na karakana mkataba wa dhamana na matengenezo ya kila mwaka. Na zidai muundo ambao ubao mmoja ukivunjika hubadilishwa peke yake. Fundi atakayekubali masharti hayo anastahili bei yake kamili, na asipunguziwe hata senti.