Kimya cha West Point

Mtu atokaye mji wa New York akaufuata mto Hudson kuelekea kaskazini kwa maili 50 hivi, hufika mahali ambapo milima imeubana mto hata ukalazimika kupinda ghafula. Hapo juu ya majabali ndipo kilipo Chuo cha Kijeshi cha West Point, kilichofunguliwa mwaka 1802, na ambacho kimewatoa majemadari wengi wa Marekani na marais wake wawili, Grant na Eisenhower. Watalii hufika kwa wingi. Lakini mgeni haruhusiwi kuzurura apendavyo. Huonyesha kwanza hati zake kwenye kituo cha wageni, hukaguliwa, kisha hupanda basi pamoja na wenzake, na kiongozi wao huwasimulia habari za mahali kwa mahali.

Kitu cha kwanza kinachomvuta mtu wa kazi za mikono ni mnyororo. Mwaka 1778, Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao, mafundi wa kiwanda cha chuma cha Sterling walifua mnyororo mkubwa sana, ukafungwa juu ya magogo yaeleayo na kutandazwa toka ng'ambo hii ya mto mpaka ng'ambo ya pili, ili merikebu za Waingereza zisipite. Hazikujaribu kupita. Pete chache za mnyororo ule zimewekwa penye ukingo wa uwanja, na kila moja ina uzito wa zaidi ya ratili 100. Ukiitazama pete hiyo utawahurumia watu walioishika ingali nyekundu kwa moto.

Mbali kidogo, kando ya makaburi, lipo kanisa la zamani la makadeti, na ukutani mwake yamepangwa mabamba ya majemadari wa vita vile vya uhuru. Bamba moja lina cheo na mwaka wa kuzaliwa, 1740, bali jina halimo. Ni la Benedict Arnold, aliyekuwa mkuu wa ngome hii mwaka 1780 akafanya shauri la kuiuza kwa Waingereza. Haini hakutukanwa wala kulaaniwa ukutani pale. Alinyimwa jina, basi.

Naliposimama mbele ya bamba lile nalifahamu jambo ambalo kiongozi wetu hakulitaja. Chuo hiki kilikuwa na adhabu yake mashuhuri, adhabu ya kimya. Kadeti aliyehukumiwa na wenzake kuwa amevunja heshima kwa uongo au udanganyifu aliweza kutengwa: hasemezwi, hali pamoja na watu, halali pamoja na mtu. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 1973. Mtu aweza kusema kwamba mwongo na haini wamestahili. Lakini mwaka 1932 aliingia chuoni kijana mweusi, Benjamin O. Davis, ambaye hakusema uongo wala hakumuuza mtu, naye akapewa adhabu ile ile kwa muda wa miaka minne. Alikaa peke yake chumbani. Mezani alikula bila ya kusemezwa. Hakuambiwa neno ila lile lililohusu kazi. Wenzake walitumaini kwamba atachoka aondoke zake, lakini hakuondoka. Mwaka 1936 alimaliza akiwa mtu wa 35 kati ya 276, na baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, akawaongoza wanahewa weusi waliojifunzia Tuskegee.

Wala hakuwa wa kwanza kuonja uchungu huo. James Webster Smith, kadeti mweusi wa kwanza kabisa, aliingia mwaka 1870 akafukuzwa mwaka 1874. Johnson Whittaker alikutwa asubuhi moja ya mwaka 1880 amefungwa kitandani mwake, amepigwa na masikio yamekatwa. Wakuu wakasema ati amejikata mwenyewe! Aliyefaulu ni Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1856 na kuhitimu mwaka 1877, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Flipper yafaa tumtazame kwa kitambo kidogo, maana West Point ilikuwa pia shule ya uhandisi, naye uhandisi aliujua. Alipopelekwa ngome ya Fort Sill, katika nchi iitwayo leo Oklahoma, aliwakuta askari wanaugua malaria kwa sababu ya madimbwi yaliyozunguka. Flipper akapima nchi, akachimbisha mfereji, maji yakaenda zake. Sisi tunaoijua homa hiyo hatuhitaji kuelezwa thamani ya mfereji ule, nao upo hata leo na waitwa kwa jina lake. Mwaka 1881 alishtakiwa kwa wizi wa fedha za jeshi. Baraza la kijeshi lilimwona hana hatia ya wizi, lakini likampata na kosa la mwenendo usiomfaa ofisa, akaondolewa jeshini mwaka uliofuata. Alikufa mwaka 1940 bila ya kusafishwa jina. Jeshi lilisahihisha cheti chake mwaka 1976, chuo kikaweka sanamu yake mwaka 1977, na Rais Clinton akamsamehe mwaka 1999.

Siku hizi kuna jengo kubwa la malazi ya makadeti, lililofunguliwa mwaka 2017, nalo limepewa jina la Davis, yule ambaye hakupata mtu wa kulala naye chumba kimoja. Na karibu na lango la kusini mna sanamu ya askari mweusi juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 2021. Hiyo ni kumbukumbu ya askari weusi wa farasi ambao toka mwaka 1907 hadi 1947 waliwafundisha makadeti kupanda farasi. Hebu fikiri: kwa miaka mingi kati ya hiyo hapakuwa na kadeti mweusi hata mmoja, na kila asubuhi mtoto wa mzungu alifundishwa na mtu mweusi namna ya kukaa juu ya tandiko.

Mpanda farasi mwingine alikuwa Kanali Charles Young, aliyehitimu hapo mwaka 1889. Baada yake haikupita ngozi nyeusi tena mpaka Davis. Vita vilipowadia mwaka 1917 aliambiwa ni mgonjwa, akastaafishwa. Mwaka 1918 alipanda farasi wake toka Ohio mpaka Washington, mwendo wa maili karibu 500, aonyeshe ugonjwa wake. Alikuwa amekwisha kutumikia Liberia. Akarudi huko tena, na mwaka 1922 akafariki Lagos, katika bara letu. Cheo cha brigedia jenerali alipewa katika sherehe iliyofanyika West Point mwaka 2022.