KUPINDA NA KUKUNJA: KAZI YA BOMBA LA SHABA NA MANENO YAKE KATIKA ILALA

Katika Ilala, mjini Dar es Salaam, ziko kata mbili zipakanazo ambazo majina yake yenyewe ni sehemu ya historia ya lugha. Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao iliwekwa hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Na Gerezani ni mahali pa gereza, neno ambalo lasemwa kuwa asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Mahali palipozoea kupokea maneno ya wageni na kuyavika mavazi ya Kiswahili ni mahali pafaapo kutazamwa na mtu atakaye kujua jinsi lugha inavyojipatia maneno ya kazi mpya. Kazi itakayotazamwa hapa ni ndogo, nayo ni kazi ya fundi wa majokofu na viyoyozi apindaye bomba laini la shaba kwa chombo cha mkono chenye meno. Lakini katika kazi hiyo ndogo limo swali ambalo kamusi hazijalijibu vizuri, yaani tofauti iliyopo kati ya kupinda na kukunja.

Madini yenyewe hayana ugeni. Neno shaba limetumika pwani kwa muda mrefu kwa madini mawili, hata ikalazimu kusema shaba nyekundu mtu atakapo kuitenga na ile ya njano iliyochanganywa na zinki. Limesafiri pia mbali na pwani. Kati ya mwaka 1971 na 1997 jimbo la Katanga katika Kongo liliitwa Shaba, kwa jina hilohilo la Kiswahili. Shaba ya Kongo na ya Zambia hupita katika bandari ya Dar es Salaam ikienda ng'ambo, na kutoka ng'ambo hurudi mabomba yaliyokwisha kuvutwa na kuzungushwa, yakauzwa katika maduka ya vifaa yasiyo mbali na bandari hiyo. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ingestahili makala yake.

Bomba la shaba huuzwa kwa namna mbili. Moja ni gumu, nalo huja kwa vipande vilivyonyooka. Hilo halipindwi, bali hukatwa na kuungwa kwa elbo. La pili ni laini, nalo huja katika roli, aghalabu ya futi 50, yaani mita 15 na zaidi kidogo. Ulaini wake si wa asili tu. Kiwandani limepashwa moto baada ya kuvutwa, kwa sababu shaba ikivutwa, ikigongwa au ikipindwa huwa ngumu, na moto huiondolea ugumu huo. Katika jambo hili shaba ni kinyume cha chuma cha pua. Mhunzi akipasha chuma cha pua mpaka kikawa chekundu akakitumbukiza majini, hukifanya kigumu. Shaba ikifanyiwa hivyohivyo hubaki laini. Vipimo vyake ni vya inchi, na katika mabomba ya majokofu kipimo ni cha kipenyo cha nje: robo inchi, thumni tatu, nusu, thumni tano, robo tatu. Thumni ni neno la hesabu za zamani lililosahauliwa na wengi, ijapokuwa wazee walilitumia kila siku waliposema sumuni kwa sarafu ya senti 50.

Ili maneno yaeleweke hapana budi kwanza kueleza ni nini kinachotokea bomba linapopindwa. Chukua bomba la thumni tatu, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 9.5 na unene wa ukuta wake si zaidi ya milimita moja. Litakiwa lifanye pembe mraba kwa kuzunguka duara ambalo nusu kipenyo chake, kwa kupima mpaka katikati ya bomba, ni milimita 38. Mstari wa katikati ya bomba utakuwa na urefu wa milimita 60 hivi katika mzunguko huo. Ubavu wa nje, ulio mbali zaidi na kitovu cha duara, hauna budi kufika milimita 67, na ubavu wa ndani hubakiwa na milimita 52 tu. Shaba ya nje basi imenyoshwa kwa sehemu moja katika nane, nayo imekuwa nyembamba. Shaba ya ndani imesongamana kwa kadiri hiyohiyo, na ikikosa mahali pa kwenda hufanya makunyanzi. Tena kuta zote mbili huvutwa kuelekea katikati, ambako hakuna kitu ila hewa. Duara la bomba huanza kuwa yai, na lisipozuiwa huwa bapa, kisha ghafla ukuta wa ndani hubonyea na njia hufungwa. Bomba la thumni tano likipindwa kwa duara hilohilo dogo, ubavu wake wa nje hauna budi kurefuka kwa sehemu moja katika tano, na hatari huwa kubwa zaidi.

Watu wamezuia jambo hilo kwa njia nyingi. Mwenye mikono mizoefu hupinda bomba jembamba kwa vidole gumba, akilisogeza kidogo kidogo, iwapo duara ni pana. Wengine huvisha bomba springi ya chuma iliyobana. Njia ya zamani sana ni kulijaza mchanga mkavu na kuziba ncha zake, ili utupu ule usiwe utupu tena. Lakini njia hiyo haifai kabisa kwa jokofu, kwani punje moja ikibaki ndani yaweza kuharibu mashine.

Chombo chenye meno hufanya kazi hiyo kwa namna nyingine, na umbo lake latambulika upesi na mtu aliyewahi kuona upinde na mshale. Upo mpini wa kushikwa kwa mkono mmoja, na mbele yake fimbo fupi ya chuma yenye meno kama ya msumeno. Mwishoni mwa fimbo hiyo huwekwa kipande cha nusu duara chenye mfuo ukutani mwake, na mfuo huo ni wa kipimo kilekile cha bomba, wala si kikubwa wala si kidogo. Kwa hiyo kila kipimo cha bomba kina nusu duara yake, na chombo huuzwa katika sanduku pamoja na nusu duara kadhaa. Mbele ya hapo, kwa kukingama, upo mtaimbo wenye vishikizo viwili, kimoja kila upande, navyo pia vina mifuo na vyaweza kujigeuza kulifuata bomba. Fundi akiminya kishikio cha chini ya mpini, ulimi mdogo wa chuma huisukuma fimbo mbele kwa jino moja, na ulimi mwingine huizuia isirudi. Nusu duara hulisukuma bomba katikati huku vishikizo vikilizuia pande zote mbili, nalo huzunguka nusu duara taratibu. Mfuo hulikumbatia bomba ubavuni, hivi kwamba haliwezi kutanuka kuwa yai. Utupu wa ndani haukujazwa, lakini kuta zimenyimwa nafasi ya kukimbilia.

Faida ya meno yafaa kuelezwa zaidi, maana ndiyo iliyokitofautisha chombo hiki na kile cha mikono miwili ambacho fundi hukizungusha kama mkasi mkubwa. Kila jino likishapatikana halipotei. Mkono waweza kupumzika, jicho laweza kutazama pembe, na kazi ikaendelea pale ilipoachwa. Tena mkono wa pili u huru. Katika Kariakoo ya leo, ambako nyumba za Kiswahili za chini zimeachia nafasi majengo ya ghorofa yaliyosongamana, fundi wa viyoyozi aghalabu husimama juu ya ngazi penye upenyo mwembamba, na bomba limekwisha kufungwa ukutani upande mmoja. Hapo chombo cha kuzungusha mikono miwili hakina pa kuzungukia. Chenye meno chaingia.

Matumizi yake hayahitaji maneno mengi. Roli hukunjuliwa sakafuni kama mkeka, wala haivutwi kwa ncha kama kamba. Mahali pa pembe hutiwa alama. Alama hulinganishwa na katikati ya nusu duara. Bomba hulazwa sawasawa katika mifuo yote mitatu, kwa sababu likikaa upande chombo hulibana na kulitia jeraha. Kisha huminywa kwa mfululizo, pasipo papara. Pembe ifikapo, fundi huongeza nyuzi chache, kwa kuwa shaba ikiachwa hurudi kidogo. Hilo la kurudi husemwa pia kwa kitambaa kilichopungua baada ya kufuliwa, na katika mambo yote mawili maana ni moja, yaani kitu kukumbuka hali yake ya kwanza. Mwisho hufunguliwa kifungo kinachoachia meno, fimbo hurudishwa nyuma na bomba hutolewa. Vyombo vingi vya namna hii havipiti nyuzi 90. Fundi aliyepitisha kipimo hapaswi kulinyosha bomba na kulipinda tena mahali palepale mara kwa mara, kwani shaba iliyokwisha kupindwa imefanya ugumu, na ikilazimishwa hupasuka.

Sasa yafikiwa maneno. Kamusi nyingi huweka kunja na pinda karibu sana, hata moja ikafafanuliwa kwa nyingine, na msomaji akadhani ni maneno ya kuchagua kwa ladha. Ushahidi wa kwanza dhidi ya dhana hiyo umo katika vitenzi vinavyorudisha kitendo. Kilichokunjwa hukunjuliwa, iwe mkeka, nguo, ngumi au uso. Kilichopindwa hakipinduliwi, kupindua ni kugeuza chini kuwa juu, nalo ni jambo jingine kabisa. Kilichopinda hunyoshwa. Lugha imekwisha kuamua, basi, kwamba kukunja ni kukifunga kitu ambacho chaweza kufunguliwa, na kupinda ni kukiondoa kitu katika unyofu wake. Mkeka uliokunjwa uso wake umefichwa. Njia iliyopinda haikufichwa, yapitika.

Katika bomba tofauti hiyo huwa jambo la fedha. Kupinda bomba ni kulibadilisha mwelekeo na njia yake ibaki wazi. Likikunjika, uso wa ndani umekutana na uso wa ndani, na gesi ya jokofu haipiti kwa kadiri yake. Fundi amwambiaye kijana wake, "Angalia usilikunje," hali kijana amelishika bomba kwa ajili ya kulipinda, hasemi maneno yanayopingana. Umbo la kitenzi nalo lina sehemu yake. "Limepindwa" ni sifa ya kazi. "Limepinda" laweza kuwa lawama, kama vile msumari uliopinda. "Limekunjika" ni hasara bila shaka yoyote. Mwenye kufafanua neno pinda pasipo kueleza habari hizi tatu amewapa wasomaji wake nusu ya neno.

Lakini si haki kuificha hoja ya upande wa pili. Wajenzi wa mji huohuo husema kukunja nondo, wala hakuna nondo iliyoharibika kwa kukunjwa. Nao mafundi cherehani hupinda nguo wapatapo pindo, na pindo ni mkunjo kamili uliopigwa pasi. Mifano hii miwili haiibomoi tofauti iliyotajwa, bali yaonyesha mpaka wake. Nondo ni gumba, haina tundu. Kitambaa ni bapa tangu mwanzo. Penye kitu kisicho na uwazi ndani, lugha haikuona haja ya kuwa kali, na kila ufundi ukachukua neno lililo karibu. Ukali umeingia penye kitu chenye uwazi, kwa sababu hapo ndipo palipo na cha kupotea. Kwa hiyo maelezo ya kamusi hayatoshi yakitaja kitendo tu. Yapaswa kutaja na kitu kinachotendwa. Kuhusu kupeta, ambalo katika kamusi za zamani lina maana ya kuzungusha kitu kama pete, lingefaa sana kwa kazi hii kama lingekuwa hai katika maana hiyo; lakini msikilizaji wa Dar es Salaam akisikia kupeta huwaza ungo na mchele.

Jina la chombo lenyewe bado halijatulia. Dukani husikika benda, neno lililokopwa kama soketi, nati na spana, nalo limekwisha kufuata sauti za Kiswahili pasipo ruhusa ya mtu. Mwenye kupenda kuunda angeweza kusema kipindio, kwa kufuata kifutio na kifungio, na hapana kosa la sarufi ndani yake. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 mpaka Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, maneno mengi yaliyoundwa vizuri yamekaa katika orodha bila kutumika, wakati ambapo maneno ya karakana yalikuwa yakienea kwa miguu. Benda yaweza kuachwa. Kinachohitaji juhudi ni maneno yasiyokuwa majina ya vyombo: kurudi, kukunjika, kuwa yai, kubonyea. Hayo hayakukopwa kwa mtu, nayo ndiyo yanayopotea mafunzo yaandikwapo kwa lugha ya kigeni na kijana akafundishwa hasara yake kwa maneno asiyoyasikia nyumbani.

Bomba likishakunjika, dawa ni moja tu. Sehemu iliyobonyea hukatwa na kuondolewa, na mahali pake huungwa kipande kizima kwa lehemu. Hivyo bomba lililokuwa halina kiungo hata kimoja sasa lina viungo viwili, na siku gesi ikipungua, fundi atakayekuja ataanza kutia povu la sabuni hapo.