Aliyechoka Atangulie Mbele

Hebu tuambizane ukweli. Mwenzio akikaa mbali miaka mitatu, mnaongea nini kwenye simu? Ada ya shule. Fundi kala hela ya saruji. Mtoto anakohoa. Mama anakusalimia. Haya, usiku mwema. Siku mnayoonana uso kwa uso mnagundua maneno yameisha, mnabaki kuulizana "umekula?" kama mgeni na mwenyeji.

Sisi ndivyo tulivyokuwa. Mume wangu alikuwa Edinburgh, Uskoti, akisomea shahada ya uzamivu. Agosti 2023 nikawaacha watoto wetu wawili kwa mama yangu, nikapanda ndege kumfuata. Kichwani nilikuwa na migahawa, mishumaa na kutembea madukani mkono kwa mkono. Yeye akaniambia, macho yanang'aa: "Mama watoto, Jumamosi tunakwenda kuendesha baiskeli msituni."

Nusura nilie.

Kosa lilikuwa langu, nakiri. Kwetu Morogoro baiskeli ilikuwa mali ya kaka zangu. Msichana akiipanda, mtaa mzima unamwita mhuni. Nilijifunza nikiwa na miaka 31, kwenye uwanja wa shule jirani na nyumbani Dar, alfajiri kabla watu hawajaamka kunicheka. Nilimsimulia kwenye simu kwa furaha, naye akaamini nimekuwa mwanamichezo.

Baiskeli ya changarawe

Tulipanda treni kutoka Edinburgh, safari ya kama saa tatu, tukashuka Aviemore. Ni mji mdogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Cairngorms, iliyoanzishwa mwaka 2003. Ina kilomita za mraba 4,528, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa za Uingereza. Tukakodi baiskeli mbili hapo hapo mjini.

Usidhani ni zile nyembamba za mashindano ya lami, wala zile nzito za milimani. Baiskeli ya changarawe iko katikati. Usukani wake umepinda kwa chini kama pembe za kondoo, lakini tairi ni pana, za milimita 40 hivi, zenye meno, na upepo haujazwi ukakaza sana, ili ipite juu ya mawe bila kukurusha. Ina breki za diski na giya nyepesi za kupandia vilima. Imetengenezwa kwa barabara za vumbi na kokoto, kama zile za malori ya magogo kule Sao Hill, Mufindi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyetuuliza tunakwenda kwa nani. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea au kuendesha baiskeli karibu kila mahali, hata kwenye shamba la mtu, mradi awe na adabu: ukifungua geti lifunge, takataka zako ondoka nazo, mifugo usiisumbue.

Mmoja anapumzika, mwingine hapumziki

Mzunguko wetu ulikuwa wa kilomita 40 hivi. Tulianzia Loch an Eilein. Loch ni ziwa kwa Kigaeli, lugha ya wazee wa huko, na hili jina lake ni Ziwa la Kisiwa. Kweli, katikati ya maji kuna kisiwa kidogo chenye gofu la ngome ya kale. Pembeni imesimama misonobari, jamii moja na ile mipaini ya Mufindi, ila hii haikupandwa na mtu kwa mistari. Ni mabaki ya msitu wa asili uliotanda Uskoti baada ya barafu ya kale kuyeyuka. Chini yake vichaka vilikuwa vimechanua maua ya zambarau, ardhi nzima kama imetandikwa kanga.

Ningefurahi, kama si mume wangu. Yeye ana mapafu ya mwanafunzi asiye na watoto wa kuogesha. Anachapa mwendo, anapotea kwenye kona. Namkuta mbele kaegemea mti, anakunywa maji, anatabasamu. "Umefika! Twende." Anaondoka. Mimi sijashuka hata mguu.

Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya tatu nikahesabu: yeye amepumzika mara tatu, mimi sijapumzika hata mara moja. Anayesubiri ndiye anayepata pumzi. Anayefuata anafika tu ili aondoke tena.

Tulipotokea Loch Morlich nikatupa baiskeli chini. Jamani, pale kuna ufukwe wa mchanga kama wa Kigamboni, lakini uko bara, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake imesimama milima ya Cairngorm. Cairn Gorm yenyewe ina mita 1,245, na Ben Macdui, wa pili kwa urefu nchini Uingereza, una 1,309. Wewe uliyezoea Kilimanjaro wa mita 5,895 usicheke. Kule juu hakuna miti wala kichaka cha kujificha na upepo.

"Kwani unakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Si nakusubiri?"

"Hunisubiri. Unapumzika, halafu unaniacha."

Akanyamaza. Sote wawili tulijua hatuzungumzii baiskeli.

Kibanda kisicho na kufuli

Kutoka Glenmore njia inaingia kwenye bonde jembamba hadi An Lochan Uaine, ziwa dogo la kijani. Si kijani cha kutia chumvi, ni kijani kweli, kama chupa ya soda. Wenyeji husimulia kuwa majini wa msituni hufulia humo nguo zao. Tulilitazama kila mtu na lake.

Mbele kidogo mvua ikatushukia, ile ya Uskoti isiyogonga hodi. Bahati nzuri kuna kibanda cha mawe kinachoitwa Ryvoan. Nyumba za namna hii zipo nyingi milimani huko, hazina kufuli wala kodi. Mpita njia yeyote anaingia, anajihifadhi, anaondoka na kuiacha safi. Tukaketi, nguo zinachuruzika, tunagawana mkate na jibini.

Hapo ndipo aliposema, akiangalia sakafu: "Wameniambia nikimaliza nibaki miaka mingine miwili. Kazi ya utafiti."

"Lini wamekuambia?"

"Mwezi wa tano."

Miezi mitatu! Kila usiku tumeongea habari za saruji, na yeye ana hili moyoni. Nikataka kupiga kelele, lakini msituni utamkimbilia nani? Basi na mimi nikatoa langu. Nikamwambia nimechoka. Kwamba watu wananisifu "mwenzetu una mume Ulaya", nami narudi kwenye nyumba ambayo kila bomba likipasuka ni langu. Kwamba kila akifika hatua moja, anavuta pumzi kidogo, anaianza nyingine, nami ndiyo kwanza nafika. Kwamba mwaka huo nilishawahi kufikiria, kwa siri, maisha yasiyo na yeye.

Alilia. Mimi sikulia, labda kwa sababu nilishamaliza machozi nyumbani.

Mvua ilipopungua akasema, "Tangulia wewe."

"Nitakuchelewesha."

"Nicheleweshe."

Mwendo wa aliye mbele

Kuanzia pale hadi msitu wa Abernethy niliongoza mimi. Nilisimama nilipotaka. Niliteremka nimeshika breki zote mbili kama bibi, na hakuna aliyenihimiza. Wanaoendesha baiskeli kwa vikundi watakuambia siri hii: mwepesi akitangulia, kundi linakatika, mzito akitangulia, wote wanafika pamoja. Na kwa kuwa alikuwa nyuma yangu tu, tuliongea. Ukiwa hutazamwi usoni, maneno hutoka mepesi.

Loch Garten tulifika jua likichungulia. Ziwa hili lina sifa kwa mwewe mla samaki anayeitwa osprey. Alitoweka Uingereza kwa kuwindwa na kuibiwa mayai, kisha katika miaka ya 1950 jozi moja ikarudi kujenga hapa, na watu wakalilinda kiota usiku na mchana. Dume na jike hawasafiri pamoja. Kila mmoja anashika njia yake hadi Afrika Magharibi, anakaa huko majira ya baridi peke yake, halafu wakati wa kuzaa ukifika wanarudi na kukutana kwenye kiota kile kile.

"Kama sisi," mume wangu akasema.

"Wao wanarudi kila mwaka," nikamjibu. Tukacheka, kicheko cha kwanza cha kweli tangu nishuke uwanja wa ndege.

Tulimalizia kwa njia inayopita Boat of Garten, kandokando ya reli ambako garimoshi la makaa bado linabeba watalii. Tuliingia Aviemore tumechafuka matope hadi masikioni. Miguu yangu ilitetemeka, lakini tulifika kwa pamoja.

Wasomaji mnaotuandikia kuhusu mapenzi ya mbali mtauliza: sasa ikawaje? Hakuna muujiza. Tulibishana siku tatu nyingine. Mwishowe alikubali mwaka mmoja badala ya miwili, kwa sharti kwamba likizo zote anakuja nyumbani, na hakuna barua ya kazi itakayokaa kwa mmoja wetu zaidi ya usiku mmoja. Mwaka ule uliisha, akarudi. Bado tunagombana kuhusu fundi.

Kwa hiyo, shosti, kabla hujamwambia mwenzio akupeleke hotelini, tafuteni njia ndefu. Si lazima iwe Uskoti, hata barabara ya vumbi ya kijijini kwenu inafaa. Ila kubalianeni mapema: aliyechoka atangulie.

Ukitaka kwenda

• Mei hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Maua ya zambarau huchanua Agosti.

• Kuna vijidudu vidogo viitwavyo midges, vinauma kuliko mbu, hasa jioni upepo ukitulia. Beba dawa ya kujipaka.

• Chukua koti la mvua hata jua likiwaka, pamoja na chakula, ramani, pampu na tyubu ya akiba. Usitegemee simu, milimani mtandao hukatika.

• Vaa kofia ngumu. Na usione haya kushuka na kukokota.