Taa ya Buluu Isiyozimika: Kilango cha Maji Katika Motokaa Ndogo

Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya chai ya Limuru, mfugaji mmoja wa kuku alikuwa akipakia mayai katika motokaa yake ndogo ya Toyota Vitz na kuteremka nayo hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi. Motokaa hiyo haina mshale wa kuonyesha joto la injini. Ina taa mbili tu. Ya buluu huwaka injini ikiwa baridi, na nyekundu huwaka maji yakipata joto la hatari. Siku nyingi taa ya buluu ilimsindikiza karibu mpaka sokoni bila kuzimika, naye akaiona kuwa dalili njema. "Heri baridi kuliko moto," aliwaambia jirani zake.

Kumbe baridi hiyo ilikuwa ikila fedha zake.

Miezi michache kabla ya hapo maji yalikuwa yamechemka alipokuwa akipanda mlima kurudi nyumbani. Fundi wa kando ya barabara aliifungua injini, akatoa kidude kidogo kilichoshikwa na kutu, akakitupa majanini. "Mzee," akasema, "hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu hakina kazi." Motokaa ikaacha kuchemka, na mzee akalipa, akaenda zake akiwa ameridhika.

Kidude hicho huitwa themostati. Ni kilango cha maji kilichowekwa kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna kikopo chenye nta. Injini ikiwa baridi, nta huwa ngumu na springi hukifunga kilango, hata maji yazunguke ndani ya injini peke yake na kupata joto upesi. Joto lifikapo digrii 82 hivi za sentigredi, nta huyeyuka, hutanuka kwa nguvu na kukisukuma kilango. Ndipo maji hupita kwenda kupoa katika rejeta.

Basi si kweli kwamba kidude hiki ni cha nchi za baridi tu. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto lake maalum, iwe Mombasa au Limuru. Tena Limuru yenyewe, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, haiwezi kuitwa nchi ya joto, hasa mwezi wa Julai.

Injini isiyopata joto lake hupata hasara tatu. Kwanza, kompyuta ya motokaa huiona kuwa baridi na kuiongezea petroli. Pili, petroli isiyoungua hupenya kando ya pistoni na kuingia katika oili, na oili ikawa nyepesi isiweze kuvikinga vyuma. Tatu, mvuke hugeuka kuwa maji, ukachanganyika na oili, na kufanya utando mzito wenye rangi ya maziwa. Kadhalika, ziko injini zenye njia ya mkato ya maji ambayo themostati huiziba inapofunguka. Ikiondolewa, maji mengi hufuata njia hiyo bila kufika katika rejeta, na injini huweza kuchemka mlimani. Hivyo dawa yageuka kuwa ugonjwa.

Mkulima yule alipoona kwamba petroli yamwishia upesi, alikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, huko Nairobi. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akamwonyesha ule utando wa rangi ya maziwa. "Mzee, motokaa yako ina homa ya baridi," akamwambia. "Aliyeondoa kilango alinyamazisha mlio, hakutibu ugonjwa."

Fundi huyo hakuitia themostati mpya kabla ya kuipima. Aliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse chini, akapasha moto polepole. Themostati ya namna hii yapasa kuanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84, na kufunguka kabisa karibu digrii 95. Lakini watu wa nchi za juu wajihadhari. Limuru maji ya sufuria huchemka karibu digrii 93, kwa hiyo kilango kizima huenda kisifunguke kabisa. Mtu asikitupe kwa sababu hiyo. Kibovu ni kile kisichofunguka hata kidogo maji yakichemka, au kile kilicho wazi kikiwa baridi. Hicho hakitengenezeki, hapana budi kununua kipya.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, maana kufungua rejeta yenye moto ni kujitakia kuungua. Mahali pa kilango husafishwa kutu yote, na mpira wake hubadilishwa. Kitundu chenye kipini huelekezwa juu ili hewa ipate kutoka. Kisha maji hujazwa polepole, na injini huendeshwa mpaka mapovu yaishe.

Yako na mambo mawili yaongezayo maisha ya kilango. La kwanza ni kuacha kutia maji ya mto au ya kisima, yenye chumvi na udongo, na kutumia dawa ya rejeta izuiayo kutu. La pili ni kutazama mpira wa kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima huyabana maji yasichemke mpaka yapite digrii 110, hata katika nchi za juu; kilicholegea huyaacha yachemke mapema.

Sasa taa ya buluu huzimika kabla mzee hajafika mbali, na petroli yake yatosha kama zamani. Lakini asifikiri hatari imekwisha. Taa nyekundu ikiwaka, na asimame mara moja, kwa maana kilango kilichokwama kikiwa kimefungwa huweza kupindisha kichwa cha injini katika safari moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha nyingi kuliko za mayai ya mwezi mmoja.