Sudan kwa Magurudumu Mawili

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Wakazi wa Moshi tumezoea kuwaona. Huingia kutoka upande wa Arusha wakiwa wamejaa vumbi, pikipiki zao zimebeba masanduku ubavuni, na jambo la kwanza wafanyalo ni kusimama kando ya barabara kuutazama Kibo. Wengi wetu huwachukulia kuwa watalii wa mlima kama wengine. Kumbe baadhi yao wametoka Misri na wanaelekea Cape Town.

Mwaka jana mmoja wao, Mjerumani wa makamo, tairi lake lilipata pancha karibu na kwetu Majengo, jua likikaribia kuzama. Gurudumu likapelekwa kwa fundi, mgeni akaletwa nyumbani, na mama akamwekea bakuli la mtori. Alipokwisha kula, mama akamwuliza: katika nchi zote alizopita maishani mwake, ni ipi iliyomtendea wema zaidi? Nakiri kwamba tulitarajia aitaje Tanzania. Akaitaja Sudan, aliyoipita mwaka 2018.

"Hukuogopa, mwanangu?"

Alisema aliogopa sana, kabla ya kuingia. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tangu mwaka 1993 hadi Desemba 2020 Marekani iliiweka Sudan katika orodha yake ya nchi zinazofadhili ugaidi. Kadi za benki za kigeni hazikufanya kazi huko, hivyo msafiri alilazimika kuingia na fedha taslimu za safari nzima. Kwa anayeijua nchi kwa taarifa za habari peke yake, hiyo ilikuwa nchi ya kukimbiwa.

Wapanda pikipiki, hata hivyo, wana habari nyingine juu yake, na ni ya zamani. Mwingereza Ted Simon aliondoka London tarehe 6 Oktoba 1973, siku ile ile ilipozuka vita baina ya Waarabu na Israeli, akaizunguka dunia kwa pikipiki moja kwa muda wa miaka minne. Katika nchi alizopita, ukarimu wa Wasudan ni miongoni mwa mambo aliyoyasimulia kwa mapenzi makubwa. Siku hizo, na hadi ulipofunguliwa mpaka wa nchi kavu mwaka 2014, wasafiri wengi kutoka Misri waliingia kwa meli ya ziwani kutoka Aswan hadi Wadi Halfa. Baada ya hapo ni jangwa.

Katika jangwa hilo, mgeni wetu alisema, kilichomshangaza kwanza ni mitungi. Kando ya barabara, chini ya mti au kibanda cha miti, huwekwa mitungi ya udongo yenye maji baridi pamoja na kikombe, na hakuna mlinzi wala bei. Ni sadaka ya mtu asiyejulikana kwa mpita njia asiyejulikana. Sisi wa miteremko hii, tunaopitishiwa maji ya mfongo migombani, huenda tusione ajabu ya mtungi. Lakini huko joto hupita nyuzi 40, na maji hayo mtu ameyachota mbali.

Jambo la pili lilimkuta katika Ramadhani, katika barabara itokayo Khartoum kwenda Wad Madani, jimbo la Gezira. Muda mfupi kabla ya Magharibi aliona wanaume wa kanzu wamesimama katikati ya lami, wameshika vilemba vyao vilivyokunjuliwa na kuziba njia. Akadhani amefikwa. Wakamshika mkono, wakamketisha mkekani. Akajitahidi kueleza kwamba yeye si Mwislamu na hakufunga, wakamjibu kwamba hilo hawakumwuliza. Masinia yalitoka kila nyumba: asida, ambayo ni ndugu wa ugali wetu, kwa mchuzi wake, na kinywaji cha mtama kiitwacho hilu-murr, yaani tamu-chungu. Ada hiyo ya kuwazuia wasafiri barabarani wasifuturu peke yao haikubuniwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya, kwani kila apitaye huzuiwa. Katika Suratut-Tawba mpita njia amehesabiwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Watu wale wameyaweka hayo barabarani.

Barabara hiyo leo si ile. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita viliripuka Khartoum. Desemba ya mwaka huo Wad Madani ikaangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF, na jeshi halikuirudisha hadi Januari 2025. Watu zaidi ya milioni kumi waliyahama makazi yao. Waliokuwa wakiwazuia wapita njia ili wawalishe, wengi wao sasa ndio wapita njia.

Ndiyo maana safari hii mgeni wetu hakuipita Sudan. Pikipiki yake ilisafirishwa kwa ndege kutoka Cairo hadi Nairobi. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameteremka hadi Aswan, akamtafuta mwenyeji wake wa mwaka 2018, ambaye sasa anaishi huko na mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga. Alituonyesha picha yao.

Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza walikula nini siku hiyo.

"Asida," akajibu. "Hawakuniacha niondoke kabla ya kula."