Paji, Utosi, Panja na Kisogo

Barabara itokayo Narok kwenda Bomet hupita Mulot, kisha Longisa, ilipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Majeruhi wa bodaboda akifikishwa kwa daktari, waliomleta huulizwa kama alipoteza fahamu, na kichwa kiligonga wapi. Swali hilo la pili wengi hulijibu juujuu, wakidhani kichwa ni kichwa tu. Sivyo. Kila eneo la ubongo lina kazi yake, na pigo hupokonya kitu kulingana na lilipotua.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigonga lami na kusimama ghafla, ubongo bado uko mwendoni: hujigonga kwenye mfupa wa upande ulioangukiwa, kisha ukarudi na kujigonga upande wa pili. Ndiyo maana aliyeanguka kwa kisogo anaweza kuumia zaidi nyuma ya paji la uso. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Tangu mwaka 2012, sheria ya trafiki ya Kenya inataka abiria naye apewe yake.

Kisogoni ndiko tunakoonea. Macho hupokea mwanga tu. Sura ya mtu au rangi ya jani hutambuliwa huko nyuma, hivyo mtu mwenye macho mazima anaweza kupofuka kwa pigo la kisogo. Chini yake, karibu na shingo, iko serebelamu, inayopanga mwendo. Mchuma chai wa Kericho anayekwanyua majani mawili na chipukizi huku macho yameshatangulia kwenye mche wa mbele anaitegemea serebelamu iliyofundishwa kwa miaka. Ikiumia, mikono haipoozi, ila hukosa shabaha. Miguu huyumba na maneno huburuta, na mtu akadhaniwa amelewa.

Utosini hupokelewa habari za ngozi na viungo: joto, maumivu, mguu uko wapi gizani. Mbele kidogo ya hapo ndipo amri za kusogeza viungo hutoka, za kulia zikitoka kushoto na za kushoto kulia.

Panja inahitaji maneno zaidi. Ndani yake mna kusikia, kuelewa maneno, na hipokampasi inayohifadhi mambo mapya. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili ili kutuliza kifafa. Hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kukumbuka watu wapya aliokutana nao, ingawa mikono yake iliweza kujifunza ustadi mpya. Lakini panja ni hatari kwa sababu nyingine: mfupa wake ni mwembamba, na nyuma yake hupita mshipa mkubwa wa damu. Mshipa ukipasuka, majeruhi anaweza kuzinduka, akapanguza vumbi, akasema yuko sawa na kwenda kulala, huku damu ikijikusanya na kuukandamiza ubongo. Hatimaye shina la ubongo, linaloendesha pumzi na moyo, hubanwa. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi mzito au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine si mambo ya kungojea asubuhi.

Jeraha linalonisumbua zaidi ni la paji. Hapo ndipo mtu anapopanga, anapojizuia, anapopima neno kabla ya kulitamka. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na nondo iliyoingilia shavuni na kutokea juu ya kichwa. Aliishi zaidi ya miaka 11, akitembea na kuongea, lakini waliomjua walisema si Gage yule. Vijijini kwetu jambo hilo huja kimyakimya. Nyuzi zimetolewa, kovu limekauka, kijana anakula vizuri. Pengine hasikii tena harufu ya maziwa ya mursik, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya harufu hupita chini ya paji na hukatika upesi. Kisha aliyekuwa akiweka akiba kila jioni anamaliza pesa kabla ya kufika nyumbani. Anafoka kwa neno dogo, anaanza kazi asimalize, anatamka mbele ya wazee mambo ambayo zamani angeyaonea haya. Wazazi wanasema amelaaniwa. Wenzake wanasema ni chang'aa.

Sehemu hii hii iliwahi kutumiwa kututukana. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo. Ulikuwa uzushi mtupu. Yeye aliwatazama watu wazima akaona ubongo wenye kasoro. Sisi tunamtazama mwenye ubongo uliojeruhiwa tukaona tabia mbaya.

Kama nyumbani kwako yupo wa namna hiyo, mrudishe hospitali, hata kama mwaka umepita. Usimwache aende peke yake, maana mara nyingi mwenyewe haoni alivyobadilika. Mwambie daktari alikuwaje kabla ya ajali, yukoje sasa, na kichwa kiligonga wapi.